Baba Alinunua Kiwanja, Mama Ndiye Aliyehamia

Mauziano ya kiwanja huko Gongo la Mboto, Majohe au Pugu Kajiungeni yana utaratibu unaojulikana. Muuzaji na mnunuzi wanakutana ofisi ya serikali ya mtaa, majirani wa pande zote wanaitwa kuonyesha mipaka, mashahidi wanatia saini, mwenyekiti anagonga muhuri, na dalali amekaa pembeni anasubiri chake. Mara nyingi jina linaloandikwa pale ni la mwanamume. Baada ya miezi, au miaka, pagala likishapauliwa lakini halijapigwa lipu, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati, kirikuu kinafika na vitanda, jiko, ndoo na watoto. Majirani wanasema kuna watu wamehamia. Mimi nasema siku hiyo bado hajahamia mtu. Kilichofika ni mizigo. Kuhamia ni kazi inayoanza kesho yake, inafanyika mtaani, tena mchana, na katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam wanaoifanya ni wanawake na watoto, kwa kuwa mwenye jina kwenye karatasi muda huo yuko Kariakoo au Posta. Kazi hiyo hatuihesabu popote. Ndiyo maana tunapanga jiji, tunalipa fidia na tunagawana mali za ndoa kana kwamba haikufanyika.

Gongo la Mboto panafaa kuipimia hoja hii kwa sababu karibu kila mtu pale ni wa kuja. Ardhi yenyewe ni ya Wazaramo, ambao mashamba yao ya minazi, mikorosho na mihogo yalienea mpaka Pugu na Kisarawe, na ambao sasa wengi wao wanaishi katikati ya watu waliowauzia. Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni ya Nyerere, ilileta viwanda, uwanja wa ndege, gereza la Ukonga, FFU na kambi za jeshi, na kila kimoja kilikuja na familia zake. Kisha jiji lenyewe likafurika. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 272,000. Sensa ya 2012 ilihesabu 4,364,541 katika mkoa mzima, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja wa ziada hawakupata nafasi Magomeni wala Ilala Bungoni. Walikwenda Chamazi, Kivule, Goba, Chanika na Gongo la Mboto, wengi wakiikimbia kodi ya miezi sita kwa mkupuo na ile ya mwezi mmoja anayochukua dalali juu yake. Katika mitaa ya namna hii Mhaya amepakana na Mmakonde, Msukuma na Mchaga wanachota kisima kimoja, na anayeitwa mwenyeji ni yule aliyefika kabla ya nguzo za umeme.

Mahali ambapo hakuna aliyezaliwa, undugu wa damu hauwezi kuwa msingi wa mtaa, na kukaa miaka mingi peke yake hakutoshi. Yupo mtu wa miaka kumi na mitano mtaani ambaye msiba ukimkuta watu wanaulizana ni yupi huyo, na yupo mama wa miaka miwili ambaye akiugua uji unaletwa kabla mumewe hajapata habari. Kinachowatofautisha ni wajibu: nani alikwenda kwa nani, na lini. Jiji hili lina historia ndefu ya jambo hilo. Vyama vya kikabila vilivyostawi Dar es Salaam kabla ya uhuru vilikuwa na shughuli nyingi, lakini iliyowashika wanachama kuliko zote ilikuwa kuzikana, kwa sababu hofu kubwa ya mgeni mjini ilikuwa kufa bila watu. Leo kazi hiyo imetoka kwenye kabila na kuhamia mtaani. Kikundi cha kufa na kuzikana cha Gongo la Mboto hakiulizi kwenu ni wapi, kinauliza kama jina lako limo kwenye daftari. Na tukitazama vizuri jinsi msiba unavyoendeshwa, tunaona nani anaandika jina la familia kwenye daftari hilo. Wanaume wengi hufika jioni, wanakaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, wanatoa rambirambi na kuzungumza mpira. Wanawake wamekwishakuwapo tangu alfajiri, na khanga zao viunoni, wanachambua mchele, wanasonga ugali wa watu mia, wanamshika mfiwa asianguke. Rambirambi inaandikwa, inasomwa, inasahaulika. Aliyelala mkekani siku tatu hasahauliki.

Msiba ni mlango mkubwa, na iko milango midogo inayofunguliwa kila siku. Kuna upatu na vikoba, ambako mwanamke hukabidhi fedha zake kwa watu ambao mwaka jana hakuwajua, na kuaminiana huko kukivunjika mtaa mzima unatikisika. Kuna jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, na ambazo zimefanikiwa mjini kuliko pengine popote kwa sababu zinakutana nyumba kwa nyumba: leo kwako, wiki ijayo kwangu, hata kama kwangu sakafu bado ni vumbi. Kuna madrasa, ambako watoto wakishajuana jioni, mama zao wanajuana kufikia mwisho wa mwezi. Kuna genge, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wataalamu wa mipango miji hulitazama genge kama uchafu wa barabarani. Genge linakopesha. Nusu kilo ya unga, nyanya tatu na fungu la dagaa kwa ahadi ya kesho ni mkopo usio na dhamana, na muuza genge hutoa mkopo huo kwa kumtazama mtu usoni, kwa kujua anaishi nyumba ipi na watoto wake wanasoma wapi. Mgeni hapewi. Siku familia inapokopeshwa nyanya kwa mara ya kwanza, mtaa umeikubali, na aliyekopa kwa kawaida ni mtoto aliyetumwa. Watoto ndio wanaomtambulisha hata baba yao: anaitwa Baba Neema, kazi yake na cheo chake hakuna anayevijua.

Thamani ya kujulikana huonekana siku ya balaa. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha katika kambi ya JWTZ Gongo la Mboto yalilipuka, chini ya miaka miwili tangu yale ya Mbagala yalipolipuka tarehe 29 Aprili 2009. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na maelfu wakakimbia gizani kuelekea mjini, wengine kwa miguu. Wengi walihifadhiwa Uwanja wa Uhuru, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi. Fikiria tatizo lililowakabili waokoaji. Mtoto wa miaka minne hajui namba ya kiwanja wala jina la barabara. Anajua kwamba mama yake anaitwa mama, na pengine jina la duka la jirani. Hati ya nyumba haimsaidii kitu. Anayeweza kumsaidia ni mtu mzima yeyote katika umati ule anayeweza kusema: huyu namfahamu, ni wa kina fulani, wanakaa nyuma ya msikiti. Uwezo wa mtu mzima kusema hivyo haukupatikana usiku ule. Ulikuwa umelimbikizwa kidogo kidogo, kwenye foleni ya maji na mlangoni mwa madrasa, na watu ambao hakuna aliyewalipa.

Serikali inapoihamisha familia kwa nguvu ya sheria, mlimbiko huo unapotea bila kuandikwa. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, zimechambua hasara kwa makini: thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayohesabiwa kwa pango la miezi 36, faida iliyopotea, na gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20. Tani 12 ni mizigo mingi, kuliko aliyonayo mkazi wa kawaida. Lakini daftari la kuzikana halina uzito, na kikoba hakipandi lori. Wakazi wa Kipawa waliopisha upanuzi wa uwanja wa ndege walithaminiwa mali zao mwishoni mwa miaka ya 1990, wakakaa zaidi ya miaka kumi bila kujua watajenga au wataacha, kisha wakapewa viwanja upande wa Pugu na Buyuni. Malalamiko yao yanayojulikana zaidi ni ya fedha, na yana haki. Hata hivyo miaka ile ya kusubiri iliwagharimu pia kwa namna ambayo haina safu kwenye fomu ya mthamini: mtu anayejua ataondoka haanzishi kikundi, na mtu anayejua jirani yake ataondoka hamkopeshi.

Mabwepande ni mfano mkali zaidi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia za bonde la Msimbazi zilipelekwa huko, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, zikapewa viwanja na kwa kuanzia mahema. Wapo waliouza na kurudi bondeni, na wakubwa wakawashangaa na kuwaita wakaidi: mtu gani anaacha kiwanja kilichopimwa na kurudi kwenye maji? Sehemu ya jibu ni riziki, kwa sababu vibarua vya mjini havikuhamishwa pamoja nao. Sehemu nyingine ni hii ninayoizungumzia. Mwanamke wa Jangwani, huko bondeni, aliyeishi kwa kuuza vitumbua alikuwa na wateja, wadeni, walezi wa mtoto na watu wa kumzika, wote ndani ya hatua mia mbili. Mabwepande alipewa ardhi kubwa zaidi na akawapoteza wote hao. Cha ajabu ni kwamba kwa wafu sheria ina huruma zaidi: tangu 1969 tunayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi, yenye taratibu za kuwajulisha ndugu na kugharimia mazishi mapya. Aliye hai anapewa nauli ya mizigo.

Kuna atakayesema kazi isiyopimika haiwezi kufidiwa, na kwamba sheria haiwezi kuthamini uji uliopelekwa kwa mgonjwa. Lakini sheria yetu ilikwisha kuvuka mto unaofanana na huo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali za ndoa kwa maana ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ingawa rufaa hiyo haikumnufaisha Bi Hawa mwenyewe. Kabla ya hapo wapo waliodai vilevile kwamba kupika na kulea hakupimiki. Mahakama haikupima masufuria. Ilikataa tu kuhesabu sifuri. Kinachofuata kimantiki ni kukubali kwamba nyumba ya Gongo la Mboto haikujengwa kwa tofali na saruji peke yake, bali hata kwa mwanamke aliyeifanya ijulikane, na kwamba ndoa ikivunjika na yeye akarudishwa kwao Singida au Lindi, anayeondoka ndiye aliyekuwa mkazi, anayebaki na nyumba ndiye aliyekuwa akija kulala.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa watu waliokimbia ujirani wenyewe. Wanasema mtaa unaokujua unakuchunguza. Unajua umepika nini, nani amelala kwako, kwa nini binti hajaolewa. Unakutoza michango ya harusi za watu usiowajua, na ukishindwa unakusema. Mwenye gari jipya anaitwa freemason na bibi mwenye macho mekundu anaitwa mchawi. Kwa mtu kama huyo ukuta mrefu na geti ni uhuru. Sitalipuuza jambo hili, kwa sababu ni kweli, na wanaoumizwa zaidi na macho ya mtaa ni wanawake walewale wanaoujenga. Ninachokataa ni kudhani kwamba ukuta unaondoa utegemezi. Unauhamisha tu. Familia iliyojifungia bado inamhitaji mtu wa kumpokea mtoto akitoka shule, na ikiwa si jirani basi ni dada wa kazi, msichana aliyetolewa kijijini, ambaye sasa ndiye anayekwenda genge, anayejua majina, anayeulizwa habari. Ujirani wa nyumba ile upo, isipokuwa umekabidhiwa kwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote, na siku akiondoka familia inarudi kuwa ya wageni.

Wengine wanasema simu imemaliza jambo hili: kundi la WhatsApp la ukoo linachangisha, M-Pesa inafikisha, na nyumbani kwa kweli ni kule utakakozikwa, Kibosho au Bukoba, si Gongo la Mboto ambako mtu yuko kwa ajili ya kazi. Kwa kizazi kilichozaliwa kijijini hoja hii ina nguvu, na ni kweli kwamba maiti nyingi bado husafirishwa. Lakini kabla ya gari la maiti kuondoka kuna siku mbili au tatu za turubai, na turubai hilo hufungwa mtaani. Simu inaleta fedha. Haileti mikono ya kumwosha mgonjwa saa nane za usiku wala haimzuii kibaka dirishani. Tena serikali yenyewe haijui kijiji chako. Ukitaka kitambulisho cha taifa, dhamana ya ndugu aliyekamatwa au akaunti ya benki, unaambiwa ulete barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti anayeiandika anauliza kama kuna anayekufahamu. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilibandika namba kwenye nyumba zetu. Haikuondoa swali la mwenyekiti.

Pingamizi gumu kuliko yote ni kwamba nimechora picha ya zamani. Wanawake wa Gongo la Mboto nao wanaamka saa kumi za usiku. Wako kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere, wako Kariakoo, wanapika kwenye vibanda vya mama lishe, wanafundisha shule za Mbezi. Ni kweli, na idadi yao inaongezeka, lakini hilo linaifanya hoja kuwa ya haraka zaidi. Mtaa ambao watu wazima wote wanatoka alfajiri na kurudi usiku hauna wa kufanya kazi ya ujirani, na pengo lake tumeshaliona: kila yanapozuka makundi ya vijana tuliowapa jina la panya road, viongozi hutangaza kufufua ulinzi shirikishi na kuwahimiza wakazi wajuane. Watajuana saa ngapi? Kinachopungua mtaani ni saa, hata kama nia ipo. Kwa hiyo suala la usafiri, ambalo kwa kawaida tunaliacha kwa wahandisi, ni suala la ujirani moja kwa moja. Treni ya TAZARA ya mwaka 2012, ile iliyobatizwa jina la waziri Mwakyembe, treni ya Pugu iliyofuata mwaka 2016, daraja la Mfugale pale Tazara lililofunguliwa mwaka 2018, na sasa awamu ya tatu ya mwendokasi yenye zaidi ya kilomita 23 pamoja na tawi lake la Uhuru, vyote hivyo vinahesabiwa kwa tija ya uchumi na lita za mafuta. Hakuna anayehesabu mama aliyefika nyumbani saa kumi na mbili badala ya saa tatu na akakuta kikao cha kikoba bado hakijafungwa.

Kutokana na hoja hii yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Watu wakihamishwa kwa amri, wahamishwe kwa vikundi vyao, nyumba kumi au ishirini zilizopakana zipewe viwanja vinavyopakana, badala ya bahati nasibu inayowatawanya. Mthamini anayeweza kuhesabu minazi anaweza kuandika nani anapakana na nani. Kwenye miradi ya viwanja, tuliyokuwa nayo tangu ule wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 na kuifikia Buyuni, shule, kisima na nafasi ya genge vitangulie, kwa sababu kiwanja kilichopimwa kisicho na sababu ya watu kukutana hugeuka vichaka na mapagala. Ofisi za serikali ya mtaa zifunguliwe jioni na Jumamosi, na mikutano ya mtaa isiitishwe saa nne za asubuhi ya siku ya kazi, muda ambao anayeweza kuhudhuria ni yule ambaye tayari anajulikana. Na mpangaji, ambaye katika mitaa hii ni mtu wa kawaida kabisa, asihesabiwe kama mpita njia kwa sababu mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka.

Kuhusu akina baba sina uhakika kwamba saa zitakazookolewa na mwendokasi zitaletwa nyumbani. Nyingine zitaishia baa, na nyingine mbele ya runinga ya kibanda umiza Simba na Yanga zikicheza. Hata hivyo sidharau kibanda umiza. Tawi la mashabiki lenye katiba, mweka hazina na mchango wa mwanachama aliyefiwa limekwisha kuwa chama cha kuzikana, na ikiwa hapo ndipo Baba Neema atakapopata jina lake mwenyewe mtaani, basi aende, mradi awahi basi la saa kumi na moja.